Mke Mkubwa wa Babu

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Handeni mjini, mzee aliyekuwa mbele yangu akafungua kikopo chake cha ugoro. Harufu ikanifikia kabla sijajiandaa. Nasikia watu wengine wakinusa kitu kinachowakumbusha marehemu wao, machozi huwalengalenga. Mimi nilishikwa na wivu. Wivu mbichi kabisa, wa kitoto, na mzee wa watu wala hanijui. Nilikitazama kile kikopo kwa jicho baya mpaka akakirudisha mfukoni na kunipa kisogo.

Babu yangu, baba yake mama, alinusa ugoro kutwa nzima kule Kwamsisi. Nililelewa naye pamoja na bibi kwa sababu mama alikuwa akihangaika na biashara ya vitenge mjini. Nyie wenzangu mliokulia kwa babu na bibi mnajua babu humwitaje mjukuu wake wa kike. "Mke wangu, lete maji ya kutawadha." "Mke wangu, hebu nitazamie kanzu kama imekauka." Mnajua pia kwamba ni utani, na kwamba bibi naye huutia chumvi kwa kukuita mke mwenzangu na kukuuliza leo utampikia nini mume wenu. Mnajua kwa sababu kuna mtu aliwaambia. Mimi hakuna aliyeniambia.

Basi nikajihesabu nimeolewa, na ndoa yangu niliishika barabara. Birika la udhu nililijaza kabla hajaliomba. Kuku aliyesogelea mkeka wake alikiona cha moto. Bibi akitangulia kumpelekea chai, nilinuna mpaka adhuhuri, na yeye alipita mbele yangu akijifanya hanioni, mabega yakimtikisika. Nilidhani anatetemeka kwa hofu ya kupokonywa mume.

Siku mama alipokuja kunichukua nikaanze shule mjini, nilimwambia kwa adabu zote kwamba siwezi kuondoka, mimi ni mke wa mtu. Mama alicheka hadi akaketi chini vumbini na gauni lake la safari.

"Usimcheke mke mwenzangu," bibi akamwambia. "Ana haki zake."

Mama akarudi peke yake, nami nikaandikishwa shule ya hapo hapo kijijini. Niliona nimeshinda kesi.

Mke mwenye wivu kazi yake ni kuangalia, na mimi niliangalia. Nilijua kwamba babu hakohoi, anasafisha koo tu, tena mara moja, kabla ya kusema jambo asiloliamini. Nilijua anavyotembea, ule mguu wa kushoto unavyochelewa kidogo na kuburuza vumbi. Zaidi ya vyote nilijua anavyokaa. Kukaa kwa babu kulikuwa shughuli. Magoti yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo kwanza alivua kofia, akakionya kigoda kwa Kizigua kwamba anakuja na kisije kikamtupa, akaanza kushuka taratibu huku mkono mmoja umeshika paja. Na pale katikati, kabla hajafika chini, alisema, "Alhamdulillahi." Siku zote aliisema mapema hivyo, angali hewani. Hayo nilikuwa nayo kichwani mwangu, na nilijua kwamba ni mali yangu peke yangu.

Halafu likizo moja akaletwa Zaina.

Mama yake Zaina ni mdogo wake mama. Aliolewa kambi ya mkonge nje kidogo ya Korogwe, na mwanamume ambaye wazazi wake walitoka Unyamwezi enzi za manamba, wakaja kukata mkonge na wasirudi tena kwao. Kwa hiyo Zaina alikuwa mjukuu wa babu kwa upande wa mama, na kwa upande wa baba alikuwa mtani wetu, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu mababu. Aliteremka kwenye basi akinuka maji ya mkonge, ule uchachu unaoganda kwenye nguo hata zikifuliwa, na akamwinamia babu kumwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu mdogo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Mke mdogo. Hivi hivi, mchana kweupe, bila hata kuniuliza.

Na huyo mke mdogo alikuwa na mdomo, jamani. Zaina hakusimulia kitu, alikileta hapo mlipo. Alituletea korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge zikabaki nyuzi, akaunguruma kama yenyewe hadi mbuzi wakasogea mbali. Alituletea nyapara mmoja wa kule kambini aliyeweza kusinzia akiwa amesimama na bado akakuita kwa jina ukimpita. Babu alicheka mpaka ugoro ukampanda vibaya, akapiga chafya mfululizo, macho yakamtoka machozi. "Mke mdogo utaniua," akasema. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote, na sikuwahi kumchekesha hivyo hata siku moja. Nilimchukia Zaina kuanzia nywele hadi ukucha. Alipolala karibu yangu kitandani na kunikumbatia akiwa usingizini, niliutoa mkono wake na kumrudishia.

Alasiri moja tulikuwa uwani tunapukuchua mahindi, watu wazima na watoto, duara kubwa. Zaina alikuwa amemaliza kutoa kisa, watu bado wanajifuta machozi, babu akanigeukia.

"Na mke mkubwa naye atupe chake leo."

Nilikuwa nacho. Kilikuwa kisa cha fisi aliyekwenda kuposa kijiji cha Mashewa akasahau jina la mchumba njiani, nimekitunga mwenyewe, na nilijua mwanzo wake na mwisho wake. Nikasimama. Kile kilichoniua ni mikono. Mikono yote iliyokuwa ikipukuchua ilisimama kwa pamoja, na kila uso ukanielekea. Fisi wangu akatoweka. Nilifungua mdomo na hakuna kilichotoka. Mjomba mmoja akasema, "Huyu kameza ulimi," watu wakacheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Zaina.

"Basi," babu akasema, "atatupa kesho."

Kesho yake nikaenda zangu shambani kulinda mahindi. Nilipanda juu ya dungu, na huko juu, peke yangu, nikamtoa fisi mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti zake na mwendo wake. Wasikilizaji wangu wa kwanza walikuwa ngedere. Walikaa kwenye miti ya ukingoni wakinisubiri nimalize waje kuiba, na nadhani hadi leo sijapata hadhira yenye subira vile. Nyumbani sikuthubutu. Babu aliniuliza tena likizo iliyofuata, na iliyofuata, "Mke mkubwa, kile kisa?" nami nikamjibu kesho. Hakunilazimisha. Alisema tu, "Haya, kesho," na kumgeukia Zaina, naye Zaina alikuwa tayari siku zote.

Kisha babu akafa. Homa ilimshika wakati wa palizi, na asubuhi moja nikaamshwa na kilio cha bibi. Mimi sikulia. Niliketi nyuma ya jiko nikikifikiria kisa cha fisi, ambacho sasa hakikuwa na kesho. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni za nani.

Watu wa Korogwe walifika jua limeshapanda. Maiti ilikuwa ikisubiri adhuhuri, wanaume wako mbele ya nyumba, wanawake tuko uwani na masufuria, na bibi yuko ndani chumbani pamoja na wazee wenzake. Pamoja na Zaina na mama yake alikuja Bibi Kalunde, mama wa baba yake Zaina, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Aliingia uwani akipiga mayowe ya kilio, akapita moja kwa moja hadi ndani, na alipotoka alikuwa amevaa koti la babu, kofia ya babu, na mkononi bakora ya babu.

"Nyie," akasema, "ni nani kawaambia mnizike kabla sijanywa chai?"

Na wanawake, macho yamewavimba kwa kulia, wakacheka. Mama yangu akacheka. Nilidhani wote wamerukwa na akili. Nilikuwa sijawahi kuuona msiba wa mtu mzima kwa karibu. Nilijua kwamba watu hulia. Sikujua kwamba mtani kazi yake msibani ni kuwanyang'anya watu kilio, kumwigiza marehemu na kumsema vibaya hadi wafiwa wacheke wapende wasipende, na kwamba mfiwa akimkasirikia mtani anajitia aibu yeye. Mimi niliona mwanamke mgeni amevaa nguo za mume wangu, basi.

Na alikuwa anakosea. Alikohoa, na babu hakukohoa. Alizungumza kwa madaha, kwa sababu alimfahamu babu wa harusini tu, babu aliyeoga na kujipaka manukato. Kila alichokosea kilinichoma, na kila walipocheka kilinichoma zaidi. Halafu Bibi Kalunde akachoka, akavua koti.

"Njoo mjukuu wangu," akasema, "damu ya mtani haipotei." Akamvisha Zaina.

Zaina alipiga hatua ya kwanza na uwani kote kukasikika mguno. Alikuwa ameupata mwendo. Mguu wa kushoto ulichelewa, ukaburuza vumbi vile vile. Nilihisi kama ameingia chumbani kwangu na kufungua sanduku langu. Akazunguka masufuria akiuliza chumvi, akamtania huyu, akamgombeza yule, na sauti yake ilikaribia ya babu kiasi kwamba nilitaka kumpiga na wakati huo huo nilitaka aendelee. Mwisho akafika kwenye kigoda. Na akaketi tu. Akaketi kama mtu yeyote anavyoketi.

Watu walicheka vile vile. Hawakujua tofauti.

"Hakai hivyo," nikasema.

Sikukusudia kusema. Sauti ilitoka yenyewe, kubwa, na kicheko kikakatika. Zaina alinitazama kutoka chini ya ukingo wa kofia, na yule shetani wake ukamwona kabisa machoni. Akajibu kwa sauti ya babu, "Mke wangu mkubwa, haya, mimi hukaaje?"

Mikono ilisimama. Ile mikono tena, mmoja na mwiko, mwingine na kisu na kitunguu, yote imesimama, na nyuso zote zimenigeukia. Ingekuwa suala la ushujaa ningekimbia, nawaambieni kweli, ningekimbilia kwa ngedere wangu. Lakini lile koti lilikuwa mwilini mwa Zaina. Nikamwendea nikamvua, mkono mmoja baada ya mwingine, naye akainuka, akaniachia kwa mshangao.

Mama akanishika bega. "Wewe ni mfiwa. Huu si mchezo wako, keti chini."

"Mwache," Bibi Kalunde akasema. "Mjukuu ni mtani wa babu yake. Kwani kule kuitana mke na mume kulikuwa nini kama si utani?"

Wanawake wakacheka, kwa upole, kama watu wanaocheka jambo wanalolijua wote. Mimi nikabaki nimevaa koti linafika miguuni, nikizijumlisha siku zangu zote kichwani. Birika. Kuku. Mabega ya bibi yakitikisika. Asubuhi ile nilikuwa nimefiwa na mume, na sasa nikaambiwa hata sikuwa nimeolewa. Maneno yale yale yaliyonipa ruhusa ya kusema ndiyo yaliyonivunjia nyumba.

Basi nikasema potelea mbali. Nikamvua Zaina kofia nikaivaa, nikakiendea kigoda kwa mguu unaochelewa. Nikasafisha koo mara moja. Nikavua kofia. Nikakionya kigoda kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, maana babu hakuwahi kupayuka kwa ajili ya kigoda. Mkono kwenye paja, nikaanza kushuka, na nilipofika katikati, ningali hewani, nikasema, "Alhamdulillahi."

Hakuna aliyecheka. Hata mmoja. Nilibaki nimeinama pale katikati, sijafika chini, na hofu yote niliyoikimbia ikanirudia mara moja, nikajua nimeharibu, nimemdhalilisha babu mbele ya watu siku ya kuzikwa kwake.

Ndipo sauti ya bibi ikatoka ndani. Ilikuwa sauti ya kuchoka, ya kawaida, ya mtu anayejibu huku ana shughuli nyingine.

"Kaa kwanza, ndiyo ushukuru."

Hivyo ndivyo alivyomjibu kila siku ya Mungu, bila hata kugeuza kichwa. Kisha mama akaangua kilio, na wengine wakamfuata, na Bibi Kalunde, ambaye alikuja kutuzuia tusilie, akajifunika uso kwa kanga.

Niliingia ndani na koti langu. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka akiutazama mlango, na nilipotokea mimi, uso wake ulinywea. Alijua, bila shaka alijua, lakini nadhani kwa muda mfupi alikuwa ameacha kujua. Akaniita kwa mkono. Akanikunja mikono ya koti, upande huu na upande ule, taratibu.

"Limekuzidi," akasema. "Livue, mjukuu wangu."

Kabla ya hapo hakuwahi kuniita mjukuu. Hapo ndipo nilipolia.

Baada ya maziko nilimkuta Zaina kwenye mihogo nyuma ya nyumba, anang'oa majani na kuyatupa. Akaniuliza bila kunitazama, "Ulijulia wapi anavyokaa?"

"Nilikuwa namwangalia."

"Mimi sikupata nafasi ya kumwangalia," akasema. "Nikinyamaza kidogo tu, mke mdogo, tuchekeshe. Mke mdogo, leta kisa. Wewe alikuacha ukae naye. Kutwa nzima mnakaa, hamsemi kitu, wala hachoki na wewe."

Alisema kwa kinyongo, na sauti ile niliitambua, ilikuwa yangu mwenyewe. Mtu mwema angemhurumia. Mimi raha niliyoipata siku ile, kwenye ile mihogo, siku ya msiba, sijaipata tena, hata kitabu changu cha kwanza kilipotoka.

Maana siku hizi naandika. Watoto wa shule wanasoma hadithi zangu, na vijana wanaotaka kuandika huniita kwenye mikusanyiko yao. "Mama, ile hofu uliishindaje?" huniuliza, wakisubiri neno zito. Sijaishinda. Kila nikianza ukurasa naiona ile mikono imesimama inanisubiri. Wengine huomba dua, wengine hunywa kahawa. Mimi huwaza kwamba mahali fulani kuna mtu anamsimulia mtu wangu, anakosea, na watu wanacheka. Basi moto unaniwaka kifuani, nakaa naandika. Naona vijana wanaandika jibu lile kwa shingo upande.

Zaina anauza mikeka sokoni Korogwe. Meza yake imejaa watu kutwa, wengi wao hawanunui kitu, wamefuata mdomo. Nikipita hapo husimama nyuma ya watu nikimsikiliza, na hadi kesho natamani ningekuwa yeye. Mwezi huu alinipigia simu. Bibi alishafariki, mama naye, na Bibi Kalunde zamani.

"Bi mkubwa," akasema, "nimeamka leo nimesahau babu alivyokuwa anakaa. Mwendo ninao. Kukaa kumenipotea kabisa. Hebu niambie."

"Nitakuandikia."

"Mimi na kusoma wapi na wapi, dada. Si uniambie tu?"

"Nitakuandikia, Zaina."

Nikasikia kelele za soko nyuma yake, mtu anauliza bei ya mkeka na yeye hamjibu.

"Na mimi utaniweka humo?"

"Utakuwemo."

"Basi usinifanye mbaya."

Nimejitahidi.